Amana ya Msimulizi



Mwanadamu hachoki kusikiliza, huchoka kusemeshwa. Mtu yule yule anayesinzia pale msemaji anapofungua karatasi yake na kuanza kuisoma, usiku utamkuta kibarazani amekodoa macho, anamsikiliza nahodha mzee akieleza jinsi tanga lilivyochanika nje ya Pemba na maji yakaanza kuingia chomboni. Masikio ni yale yale. Kilichobadilika ni mpango wa maneno.

Wazee wetu wa pwani waliijua siri hii kabla ya kuja redio. Bibi aliposema "Paukwa" kisha akanyamaza, hata mtoto mtundu alijua kuwa jawabu latakiwa kwake. Akishaitika "Pakawa", amekwisha kuingia ndani ya hadithi kwa kinywa chake mwenyewe, na kutoka tena ni taabu. Bibi hakusoma chuo chochote cha utangazaji, walakini alijua kwamba msikilizaji hapokei hadithi kama gunia lipokeavyo mchele. Hapana budi naye apewe kazi ya kufanya.

Siku hizi vijana wetu wamepata baraza jipya, nalo huitwa podikasti. Ni mazungumzo yaliyonaswa sauti na kuwekwa katika intaneti, mwenye kuyataka akayafungua katika simu yake saa aipendayo: jikoni, shambani, au ndani ya basi. Hayangoji saa maalumu kama matangazo ya redio, wala hayapelekwi kwa mkono kutoka nyumba hadi nyumba kama zile kaseti za mawaidha tulizokuwa tukiazimana. Lakini asili yake ni ile ile: sauti ya mtu asiyeonekana, na sikio la mtu aliye huru kuondoka. Tena huyu ni huru zaidi kuliko wa zamani. Kibarazani mtu huona haya kuinuka mzee angali anasema. Katika simu hakuna haya. Kidole kimoja chatosha, na msemaji amekwisha kunyamazishwa bila ya kujua.

Jee, basi, msemaji afanye nini ili asikilizwe? Na akishasikilizwa, afanye nini na masikio aliyoyapata? Swali la kwanza ni la ufundi, na vijana wengi huliuliza. La pili ni la amana, na wachache hulikumbuka. Nataka tuyatazame yote mawili kwa mambo niliyoyashuhudia Kongwa.

Mimi ni mtu wa Pangani, lakini kazi ya ualimu ilinipeleka bara, na riziki ikanikalisha huko hata baada ya kustaafu. Kwa asiyepajua, Kongwa iko mkoa wa Dodoma. Ukitoka Dar es Salaam utapita Morogoro na Gairo, utaingia Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi ambapo malori hupanga foleni, kisha ukifika Mbande utaiacha barabara kuu na kuelekea mjini. Ni nchi ya Wagogo, nchi ya mibuyu na ng'ombe, yenye msimu mmoja wa mvua nao haukosi kuwa mgumu. Mtu wa pwani humchukua muda kuuzoea ukame ule. Lakini watu wake ni wakarimu, na salamu yao ya "Mbukwa" hutamkwa kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kukuacha.

Vijana watatu wa mji ule walitaka kutengeneza mazungumzo ya namna hii juu ya historia ya Kongwa, kuanzia ule mpango mashuhuri wa karanga. Walisoma kwa bidii, wakakusanya hesabu, wakanasa sauti. Sehemu yao ya kwanza ilieleza kwamba mwaka 1946 Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company alitoa shauri la kulima karanga Afrika ya Mashariki, kwa kuwa Uingereza baada ya vita ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Kwamba serikali ya Uingereza ilikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 kwa muda wa miaka 6, kwa gharama ya pauni zipatazo milioni 25. Kwamba kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Na kwamba mwaka 1951 mpango ulivunjwa, khasara ikiwa takriban pauni milioni 36.

Yote hayo ni kweli. Wakaenda kuyafungulia katika duka la fundi cherehani, ambako daima watu hungoja nguo zao. Dakika ya kumi haijatimia, fundi akawaomba kwa adabu wamwekee mpira.

Vijana walirudi wamefadhaika. Wakasema, "Mwalimu, watu hawapendi historia yao." Nikawaambia kuwa watu wanaipenda, ila wao wamewapa risiti badala ya khabari. Tukakaa jioni kadhaa tukizungumza namna wazee walivyokuwa wakisimulia, na haya ndiyo tuliyoyatoa.

Jambo la kwanza ni kuanza na kitu ambacho msikilizaji aweza kukishika. Ekari milioni 3 hakuna azionaye kwa macho ya moyo. Lakini katika mpango ule mlikuwa na jambo ambalo hata mtoto hulikamata: ili kung'oa vichaka vya Kongwa, wale wageni walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili, yakawa yanakwenda sambamba huku mnyororo ukikokota miti. Mwambie mtu wa pwani hivi: "Mnyororo wa nanga ulikwenda kutafuta nini Kongwa, mahali pasipo na bahari wala ziwa?" Mara moja ameacha alilokuwa akilifanya. Vivyo hivyo vifaru vya kijeshi vya Sherman, vilivyopigana vita vikuu, ambavyo kampuni ya Vickers ilivigeuza kuwa matrekta ya kwenda kulima. Vita imekwisha, na silaha zimetumwa kupigana na vichaka. Mtu akishaviona hivyo viwili, mnyororo na kifaru, ndipo hesabu ya pauni humwingia, kwa sababu sasa ana mahali pa kuiweka.

Jambo la pili ni kuliweka jawabu mpaka lihitajike. Vijana wale katika dakika ya kwanza walisema mpango ulishindwa, na mara wakataja sababu zake. Basi msikilizaji angengoja nini? Hapa wengine hudhani kuwa dawa ni kuuficha mwisho. Sivyo. Kila mtu wa Kongwa ajua kuwa karanga zilishindwa. Asichokijua ni vipi. Tuitazame Sura ya Yusuf, sura ya 12, ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameisifu kwa uzuri wa usimulizi. Mwanzoni kabisa mtoto anamweleza babake ndoto, na ndoto ile ndiyo khatima ya kisa chote. Mwisho tumekwisha kuonyeshwa. Lakini kati ya ndoto na tafsiri yake muna kisima, muna soko la watumwa, muna jela, na kila mlango ukifungwa twajiuliza: itatimia vipi sasa?

Basi katika kisa cha karanga, "vipi" yake imo ardhini. Mkaranga huchanua juu ya ardhi, kisha kikonyo chake huinama na kujichimbia chini, na huko ndiko karanga hukomaa. Kwa hiyo wataka udongo mlaini. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikishakatika na jua likaupiga, hukauka ukawa mgumu mithili ya tofali. Mmea ulioficha matunda yake ndani ya udongo kama huo, mtu atayatoa na nini? Na mvua yenyewe ni ya kubahatisha. Wenyeji waliolima mtama na uwele na kufuga ng'ombe walikuwa na sababu zao, nazo zilikuwa za miaka mingi. Jawabu hili likitajwa mwanzo, ni somo la kilimo. Likitajwa baada ya vifaru na minyororo na pauni, ni mawaidha juu ya kiburi, na msimulizi hana haja hata ya kulitaja neno kiburi.

Jambo la tatu ni kumweka mtu mmoja mahali pa watu elfu, na mtu huyo awe anasitasita. Juu ya hili nchi yetu ina mfano mkubwa, na mkoa wa Dodoma umo ndani yake kwa namna ya ajabu. Mwezi wa Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, kuwafundisha watu juu ya uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi. Mashekhe wana maneno yao juu ya uzazi wa mpango, na hapa si mahali pake. Tulitazamalo ni namna ya kusema. Njia yenyewe ilikuwa imebuniwa Mexico na Miguel Sabido, ambaye mwaka 1975 alitumia mchezo wa televisheni kuwavuta watu wazima wajifunze kusoma. Kanuni yake ni kuwa na mwema, na muovu, na katikati yao mtu asiyejua aelekee wapi, kwa sababu huyo wa katikati ndiye msikilizaji mwenyewe.

Katika Twende na Wakati palikuwa na Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na wanawake njiani. Palikuwa na Tunu mkewe, ambaye mwanzo huvumilia kila kitu, kisha taratibu akaanza biashara yake ndogo, akapata nguvu ya kujisemea. Mkwaju mwisho wake aliugua ukimwi. Hakuna aliyepanda juu ya mimbari kuwaambia madereva waache uzinzi. Walimsikia Mkwaju, wakajua njia yake inakwenda wapi.

Sasa ajabu ya Dodoma ni hii. Wataalamu walitaka kujua kama watu wabadilika kwa sababu ya mchezo au kwa sababu nyingine. Basi mitambo mingine ya redio ilipoutangaza mchezo ule, mtambo wa Dodoma ulitangaza mambo mengine, tangu mwaka 1993 hadi 1995, ili eneo lake liwe kipimo. Kila mwaka waliuliza watu maswali. Wakaona mabadiliko yamekuwa makubwa zaidi kule mchezo uliposikika. Na ulipoanza kutangazwa Dodoma, huko nako yakaonekana. Kwa hivyo sisi wa upande huu wa nchi twaweza kusema kuwa tulipimwa kwa kunyimwa hadithi. Sijui mahali pengi duniani ambapo uzito wa hadithi umewekwa katika mizani waziwazi namna hiyo.

Lakini hebu tusimame hapa, ndugu msomaji. Ikiwa hadithi yaweza kumfanya dereva wa lori abadili mwenendo, jee, haiwezi pia kumfanya mtu aamini uwongo? Chombo kinachobeba asali hubeba na sumu. Jambo hili wanavyuoni wetu walikwisha kuliona zamani. Katika miji ya Kiislamu kama Baghdad walikuwako wasimulizi waliokaa misikitini na majiani, watu wakawazunguka kwa mamia. Wako waliokuwa wakweli. Wako pia waliotaka vilio vya watu na fedha zao, wakamzulia Mtume (s.a.w.) maneno asiyoyasema, kwa kuwa yalinogesha kikao. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, naye mwenyewe akiwa mmoja wa wahubiri mashuhuri wa Baghdad, aliandika kitabu kizima juu ya wasimulizi. Hakusema wanyamazishwe. Aliwasifu wanaostahiki, akawakemea wazushi, akaweka adabu za kazi. Na elimu nzima ya isnadi, ya kuuliza "umelipata kwa nani, naye alilipata kwa nani", ni ngao iliyofumwa dhidi ya hadithi tamu isiyo na mwenyewe. Kijana wa podikasti asemaye "nimeyasikia kwa mzee fulani, naye aliyaona kwa macho yake" anafuata mwenendo huo, ajue asijue.

Na amana haiishii katika kutosema uwongo. Iko amana ngumu zaidi, nayo ni ya ukweli ambao si wako.

Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, 1964, kambi ya wapigania uhuru ilifunguliwa Kongwa. Walikuja wa FRELIMO wa Msumbiji, ambao Samora Machel alikuwa miongoni mwa makamanda wao, kisha wakakaa pia watu wa SWAPO, ANC, ZAPU na MPLA. Vijana kwa mamia, mbali na mama zao, kando ya mji mdogo. Waliishi na wenyeji. Wakanunua kwao, wakacheza mpira nao, wengine wakaoa. Na wako walioondoka wakaacha watoto. Hili wanahistoria wameliandika, na mjini si siri.

Vijana wangu walimwendea bibi mmoja wa Kigogo ambaye katika usichana wake alikuwa akipeleka maziwa kambini. Nilikwenda pamoja nao. Alitukaribisha mkekani chini ya mti, akasimulia kwa utaratibu, na simu ikinasa. Baada ya muda alikwisha kusahau kama simu ipo. Akaanza kusema juu ya mmoja wa vijana wale, na juu ya mtoto.

Tulipotoka, yule kijana hodari kuliko wenziwe alinishika mkono. "Mwalimu," akasema, "tukianza na maneno haya ya mtoto, hakuna atakayezima simu."

Kwa upande wa ufundi alikuwa amesema kweli tupu. Palikuwa na mtu mmoja, palikuwa na swali, palikuwa na jawabu linalongojewa. Nikamwuliza, "Na huyo mtoto yuko wapi sasa?" Akanyamaza. Mtoto yule ni mtu mzima mwenye wajukuu, na watu husalimiana naye kila siku. Wangeweza kulificha jina la bibi, lakini katika mji mdogo sauti ndiyo jina. Asubuhi moja mtu huyo angeketi kwa kinyozi, simu ya mwenziwe ikafunguliwa, akasikia asili yake inasimuliwa na mamake mbele ya watu waliokaa foleni. Kuna baba atakayerudishwa kwa hilo? Na mama aliyeikalia siri ile kwa zaidi ya miaka hamsini, tumempa nini badala yake?

Wakakubaliana warudi wakamwulize. Bibi aliwasikiliza, akacheka kidogo, kisha akasema, "Maziwa ni yangu, semeni. Mtoto ana kinywa chake. Akitaka, atasema yeye."

Basi wakafuta sehemu ile mbele ya macho yake, wakabaki na maziwa. Na haya ndiyo waliyoyaweka mwanzo wa mazungumzo yao. Msichana huamka kabla ya jua, hukamua, hujaza kibuyu, huenda mpaka langoni. Kila siku wale askari humpokea kwa salamu ya lugha yao, naye akajifunza kuitika. Asubuhi moja alifika asiwaone aliowazoea. Walikwisha kuondoka usiku, kwa kuwa askari wa namna ile hawaagi. Akasimama na kibuyu chake, kisha akarudi nyumbani. Kijana alimwuliza, "Na maziwa, bibi, uliyafanyaje?" Akajibu, "Niliyagandisha. Wewe ungeyafanyaje?"

Hapo vijana waliacha kimya kidogo, wala hawakukijaza kwa muziki. Ndipo wakaeleza kambi ilikuwa ya nani, ilianza lini, na kwa nini watu wa Msumbiji na Namibia na Afrika ya Kusini walijikuta katika nchi ya mibuyu. Nilikuwapo ilipofunguliwa kwa fundi. Alisimamisha cherehani, na hakuna aliyeuliza mpira. Mzee mmoja alisema taratibu, kama anayejisemea, "Walikuwa watoto wale." Jambo lililofichwa halikuwapo, na hata hivyo aliyekuwa na moyo alilihisi. Huo ndio ufundi wa juu kuliko yote niliyoyataja: kumwamini msikilizaji kwamba atayafikia yale ambayo adabu imekuzuia kuyasema.

Ndugu zangu wa pwani, nyumba zetu zimejaa hadithi za namna hii. Yuko mzee aliyesafiri na jahazi hadi Bahari ya Uajemi, yuko bibi aliyekumbuka njaa na nauli na harusi za zamani, na kila mwaka tunawazika wawili watatu pamoja na waliyoyajua. Simu imo mfukoni mwa kila kijana. Mwambieni aketi mkekani, aulize swali moja, kisha anyamaze. Aanze na kitu cha kushikika, alingoje jawabu, amfuate mtu mmoja. Ataje aliyempa khabari, asitie chumvi. Na kabla ya kuitoa sauti ile kwa walimwengu, airudishe kwanza kwa mwenyewe, amwulize: haya ni yako kuyatoa? Akisema ndiyo, yatangazwe. Akisema hapana, yafutwe pale pale mbele yake, kama walivyofanya wale vijana wa Kongwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli na masikio ya huruma. Amin.